Kurasa Tatu za Mama Nekesa

Wiki yangu ya mwisho ofisini, Sheila wa mapokezi alinijia na daftari jipya. "Mzee Mutuku, si utuandikie kitu, ata kurasa mbili tu, venye hii job hufanywa. Ukishaenda tutauliza nani?" Nilimwambia nitaandika juu ya foleni za masijala na jinsi ya kutunza pedi ya wino, mambo ambayo hayamuumizi mtu. Wakili wetu, Bi. Achieng', alikuwa akipita na kikombe chake. Akasimama mlangoni, akasema, "Aandike yote," kisha akaenda zake. Mama huyo hana desturi ya kurudia agizo. Kwa hiyo haya hapa ndiyo yote, na kama mlitaka mawaidha matamu mngemwomba mtu mwingine.

Nilianza kazi nikiwa nalala kwa kaka yangu, mtaa wa Huruma, chumba kimoja, watu watano, na shati moja jeupe nililokuwa nikilifua kila jioni. Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa wakili. Karani wa wakili si wakili wala si tarishi, ila kosa likitokea anageuka kuwa wote wawili. Siku ya kwanza nilitumwa kortini kuwasilisha karatasi za kesi ya shamba. Nilipanga foleni tangu asubuhi hadi saa ya chakula, nikafika dirishani, nikaambiwa hilo ni dirisha la kesi za jinai. Nilirudi ofisini machozi yakiwa karibu. Karani mkuu, Bwana Kilonzo, hata hakuinua macho. "Leo umejua dirisha," akasema. "Kesho utajua foleni."

Kilonzo alikuwa mtu wa Kitui, mfupi, mwenye mkoba wa ngozi uliochakaa ambao hakuna aliyeruhusiwa kuushika. Ndani yake mlikuwa na sindano nene, uzi wa kijani wa kushonea faili, pini, gundi, pedi mbili za wino na ndizi moja. Ndizi ilikuwa ya mtu wa masijala. Msije mkasema nawafundisha rushwa, ilikuwa ndizi. Alinifundisha kukagua namba za kurasa kabla ya kusoma neno lolote, na kutoacha karatasi halisi mikononi mwa mtu bila yeye kutia sahihi kwamba ameipokea. Alinifundisha pia kwamba kila kiambatisho lazima kiwe na herufi yake na mhuri wake, maana wakili wa upande wa pili hulipwa kutafuta kile kisichokuwa nao. Mpaka leo nikipewa menyu hotelini nahesabu kurasa kwanza.

Na alinifundisha karatasi ya akiba. Hapa nieleze taratibu, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Hati ya kiapo ni maelezo ya mtu kwa maandishi. Anayasoma, anakwenda mbele ya kamishna wa viapo, anaapa kwamba ni kweli, anatia sahihi, naye kamishna anagonga mhuri palepale. Ndivyo sheria inavyotaka. Lakini mteja anakaa mbali, au anaumwa, na maelezo hurekebishwa mara tatu kabla wakili hajaridhika. Basi Kilonzo alikuwa akimpa mteja kurasa mbili tatu zisizo na kitu, zenye mstari wa sahihi tu kule chini, azisaini siku ya kwanza. Maneno yangepigwa chapa juu ya sahihi baadaye, na kamishna wa ghorofa ya chini angegonga mhuri huku akiongea na simu. Kilonzo aliianza desturi hiyo kwa huruma. Kulikuwa na mama aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Kariobangi hadi mjini, na siku moja alitembea hivyo kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa kwenye jina lake. Kilonzo aliapa hatamtembeza mtu tena namna ile.

Alipostaafu aliniachia mkoba, na desturi nikairithi nao. Miaka ikapita na hakuna aliyeuliza. Kwetu ilikuwa kama kulamba kidole kabla ya kufungua ukurasa.

Mama Nekesa alikuja wakati mimi mwenyewe nimeshakuwa karani mkuu. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akishikilia ukuta, goti moja bovu, na kiondo kilichojaa ripoti za mwaka za kampuni. Alikuwa mjane, amestaafu kazi ya kupiga chapa katika baraza la jiji, na nyumba yake ilikuwa Umoja, vichochoro vinne tu kutoka kwangu. Yeye na majirani zake walinunua hisa za kampuni moja ya kusaga unga zamani, wakati watu walikuwa wakipanga foleni kununua hisa kama wanavyopanga kununua sukari inapoadimika. Sitaitaja kampuni. Nyumba zenu nyingi zimewahi kupika unga wake.

Aliziweka ripoti mbili mezani kwa Bi. Achieng', akatoa rula. "Hii ni ya mwaka juzi," akasema. "Hapa wameandika malipo ya wakuu wa kampuni. Hii nyingine ni ya mwaka jana, na hapa kando wanarudia yale ya mwaka juzi ili mtu alinganishe. Sasa nisomee, mama. Ni mwaka uleule. Mbona haufanani?"

Bi. Achieng' akasoma, akanipa na mimi nikasoma. Haukufanana: kwenye ripoti mpya malipo ya mwaka juzi yalikuwa makubwa zaidi, hivyo ya mwaka jana yakaonekana yamepungua. Chini, kwa maandishi madogo ya kumtoa mtu machozi, waliandika kwamba hesabu za mwaka uliotangulia zimepangwa upya. Na mbele kabisa, kwenye karatasi ya kung'aa, mwenyekiti alikuwa amewaandikia wenyehisa kwamba nyakati ni ngumu, gawio halitakuwepo, na kwamba wakuu wote wamekubali kupunguziwa mishahara ili wabebe mzigo pamoja na wenyehisa wao wapendwa.

"Nimepiga chapa miaka thelathini," Mama Nekesa akasema. "Kazi yangu ilikuwa kulinganisha nakala na ya kwanza. Mtu akibadilisha neno mimi huliona hata kabla ya kulisoma." Kisha sauti yake ikashuka. "Barua hiyo ya mwenyekiti niliwasomea majirani mimi mwenyewe, pale kwangu. Walitaka kuuza hisa zikiwa bado na bei. Nikawaambia watulie, hawa ni watu waungwana, hata mishahara yao wamekatwa. Mimi ndiye niliyewazuia."

Basi mjue alichokitaka tangu siku ile. Bei ya hisa ilikuwa imeshaanguka na alijua haitapanda kwa kwenda kortini. Alitaka jaji aseme mbele ya watu kwamba barua ile ilikuwa ya uongo, ili majirani zake wajue aliwasomea kwa nia njema na kwamba hata yeye alidanganywa.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita kwake jioni nikitoka kazini. Sebule yake ilikuwa na vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na mashine ya taipu kwenye meza yake ndogo, nayo ikiwa imefunikwa kitambaa. Alikuwa akipigia matangazo ya kanisa na majina ya chama cha akina mama. Aliniita "baba", kama akina mama wa magharibi mwa Kenya wanavyomwita mwanamume wa umri wa mwanao, na hakuna siku niliyoruhusiwa kuondoka bila chai. Majirani walikuja pale mmoja mmoja na vyeti vyao vya hisa, vingine vimehifadhiwa ndani ya Biblia, kimoja kimekunjwa ndani ya soksi ya mtoto. Walisaini karatasi ya kumruhusu Mama Nekesa ashtaki kwa niaba yao. Walikuwa thelathini na kitu. Wote walimwamini yeye. Mimi walinijua kama mtu wa wakili tu.

Nilifanya kazi nzuri katika kesi hiyo, acha niseme kabla sijafika kwingine. Kwenye ripoti kulikuwa na mstari wa "ada za ushauri" uliokuwa ukinenepa kila mwaka mishahara ilipokonda. Nilikwenda kwa msajili wa makampuni, nikazungushwa wiki mbili, nikarudi na karatasi iliyoonyesha kwamba washauri wenyewe ni akina nani. Walikuwa wakuu walewale. Mshahara ulikuwa umetoka mlango wa mbele ukaingia kwa mlango wa jikoni. Bi. Achieng' aliisoma karatasi hiyo amesimama. Nilipompelekea Mama Nekesa nakala aliiweka kifuani, akafumba macho, nami nilijiona mtu wa maana kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Ni katika jioni hizo ndipo nilipomtolea kurasa tatu tupu. Alizigeuza mbele na nyuma.

"Maneno yako wapi?"

"Yatakuja, mama. Wakili bado anayatengeneza."

"Basi nitasaini yakija. Mimi sitii sahihi hewani, baba."

Nikamweleza habari ya goti lake na zile ngazi, na jinsi wakili atakavyobadilisha sentensi hii na ile. Nikamwambia sote tunafanya hivi, miaka na miaka. "Ni utaratibu tu, mama." Nadhani alikuwa akitafuta njia ya kukataa bila kunivunjia heshima nyumbani kwake. Kisha akachukua kalamu, akasaini zote tatu kwa mwandiko ule wa shule za zamani, akanimiminia chai.

Ukurasa mmoja uliharibika kwenye mashine ya kuchapisha. Mwingine nikautumia. Kesi ilikuwa lazima ifunguliwe kabla ya Ijumaa moja, vinginevyo muda wa sheria ungekwisha, na Bi. Achieng' alimaliza kuandika maelezo Alhamisi adhuhuri. Nikampigia Mama Nekesa simu, haikupatikana. Nikapiga tena. Kisha nikachapisha maneno juu ya sahihi yake, nikashuka chini, kamishna akagonga mhuri. Tarehe niliiandika mimi mwenyewe kwa kalamu, ya siku ileile, maana Kilonzo alinifundisha kwamba tarehe lazima iende na mhuri. Niliporudi juu Bi. Achieng' aliuliza, "Mama alifika?"

"Alifika," nikasema.

Neno moja hilo, na nilikuwa nikitafuta sindano ya kushonea faili wakati nilipolisema.

Simu yake ilikuwa imezimwa kwa sababu Alhamisi hiyo alikuwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa kampuni. Kwenye mikutano ile wenyehisa wadogo huenda kwa ajili ya mwavuli na kisanduku cha chakula. Yeye alikwenda na swali. Alisaini kitabu cha mahudhurio mlangoni asubuhi, akasaini tena alipopokea mwavuli jioni, na katikati alisimama mbele ya ukumbi mzima akamwuliza mwenyekiti kuhusu mishahara. Mwenyekiti alimshukuru kwa swali zuri. Ukumbi ulikuwa nje ya mji kabisa. Mimi niliyajua hayo wiki iliyofuata, kesi ikiwa imeshafunguliwa, na nikajiambia hakuna atakayetazama.

Walitazama. Wakili wa kampuni aliomba Mama Nekesa aitwe ahojiwe juu ya hati yake ya kiapo. Alikuja amevaa kitambaa cheupe kichwani na viatu vya kanisani. Majirani walijaza mabenchi mawili. Mimi nilikaa nyuma yao, na mkoba wa Kilonzo mapajani.

Wakili yule hakupandisha sauti hata mara moja. Alimpa hati, akamwuliza kama sahihi ni yake.

"Ni yangu."

"Na hiki je?" Akampa kitabu cha mahudhurio. "Ni sahihi yako pia? Siku ileile?"

"Ni yangu. Nilikuwa mkutanoni kutwa."

"Sasa, mama, siku hiyo uliapa saa ngapi mbele ya kamishna wa viapo?"

Niliona mabega yake yakishuka, na nikajua ameshaelewa. Alikuwa na nafasi ya kudanganya. Angeweza kusema aliapa alfajiri, au kwamba tarehe ilikosewa, na labda tungepona. Aligeuka akaniangalia kule nyuma, mara moja tu.

"Sikuapa mbele ya kamishna," akasema. "Nilisaini nyumbani kwangu, siku nyingine. Karani alileta."

"Ulipotia sahihi, karatasi ilikuwa imeandikwa nini?"

"Haikuwa imeandikwa kitu."

Wakili akamgeukia jaji. "Mheshimiwa, mama huyu ameileta kampuni hapa kwa madai kwamba ilitoa karatasi isiyo ya kweli. Sina swali lingine." Akaketi.

Kwenye korido Bi. Achieng' alinishika mkono wa shati. "Uliniambia alifika." Nikasema ndiyo. "Na hakufika." Nikasema hakufika. Aliniachilia akateremka ngazi peke yake. Mama Nekesa alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao, akisugua goti. Nilipita mbele yake. Nilitaka kusimama, Mungu anajua, lakini miguu iliendelea.

Uamuzi ulikuwa wa kurasa chache. Hati ilitupwa, na kwa kuwa kesi nzima ya wale thelathini ilisimama juu ya hati hiyo, nayo ikatupwa. Kufungua nyingine haikuwezekana, muda ulikuwa umekwisha ile Ijumaa. Jaji hakufika kwenye barua ya mwenyekiti, wala ule mstari wa ada za ushauri, wala ile karatasi yangu ya kwa msajili. Kampuni ilitoa taarifa gazetini kwamba madai dhidi ya uongozi wake yameondolewa mahakamani. Kila neno la taarifa hiyo lilikuwa kweli.

Bi. Achieng' aliwaita majirani akawaambia ofisi ilikosea na lawama ni yake. Alijibu mashtaka kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili, akapewa onyo kali, na hakulitaja jina langu. Majirani walimsikiliza, wakarudi Umoja na maelezo yao wenyewe. Mama alikuwa amesimama kizimbani akawapa wale watu ushindi kwa mdomo wake. Kwa nini? Bila shaka alilipwa. Si alirudi na mwavuli wao? Chama cha akina mama kilimchagua katibu mwingine. Matangazo ya kanisa yakaanza kupigwa mahali pengine.

Ningeweza kwenda kwenye chama hicho na kusema maneno matano. Ilikuwa vichochoro vinne. Badala yake nilianza kununua mkate kwenye duka la barabara ya pili, na nikimwona kwa mbali na fimbo yake nilikuwa nakata kona. Nilifanya hivyo miaka yote iliyobaki. Mwenzangu msomaji, hakuna uchovu kama wa kumkwepa mtu mwenye goti bovu.

Kazini niliendelea. Bi. Achieng' hakunifukuza, alianza tu kutaka kumwona kila shahidi kwa macho yake, na kila mara alipouliza "Amefika?" alisimama akaenda kuhakikisha. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, na ilitosha. Siku hizi kila kitu kinawasilishwa kwa mtandao na foleni za masijala zimekwisha. Lakini Sheila, na nyinyi wengine, nimeona kwenye kompyuta faili mliyoiita "sahihi". Najua kilichomo, picha za sahihi za wateja. Najua pia mtakavyosema, kwa sababu nilisema hivyo hivyo.

Nilipokuwa natoa vitu vyangu kwenye droo, chini kabisa, chini ya pedi ya wino iliyokauka, niliukuta ukurasa wa tatu. Ulikuwa umegeuka rangi kidogo. Sahihi ilikuwa palepale chini, na juu yake hapakuwa na kitu.

Niliupeleka Jumamosi. Alifungua mlango mwenyewe. Amekonda sana, na vitambaa vya viti ni vilevile. Nilisema yote niliyopaswa kusema miaka ile, nikiwa nimesimama, maana hakuniambia niketi. Nikasema nitakwenda kwa majirani waliobaki, mmoja mmoja, niwaambie. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Wengi wameshakufa," akasema. "Mama Mueni alikufa bila kunisalimia."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Aliiangalia sahihi yake kama mtu anayeangalia picha yake ya ujana. Kisha akaondoa kitambaa kwenye mashine ya taipu, akaingiza karatasi, akaizungusha hadi juu, akaanza kupiga. Vidole havikuwa vimesahau. Aliandika kwamba yeye, Roselida Nekesa, alitia sahihi karatasi hii ikiwa tupu, nyumbani kwake, baada ya kukataa mara ya kwanza, kwa sababu Bwana Mutuku wa ofisi ya wakili alimwambia ni utaratibu tu. Na kwamba hakupewa kitu na mtu yeyote isipokuwa mwavuli, ambao walipewa wote. Akaacha nafasi chini ili nami nisaini kwamba ni kweli. Karatasi hiyo ndiyo niliyoibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari hili, baada ya kuwaonyesha wale waliobaki.

Hakukuwa na chai. Alipofika mwisho alisimamisha vidole juu ya mashine.

"Leo ni tarehe ngapi, Bwana Mutuku?"

Nikamwambia. Akashika fimbo yake, akainuka pole pole, akaenda mpaka ukutani kuitazama kalenda, ndipo akarudi akaipiga.